Kuhamisha Chapati Kutoka Kompyuta Kuukuu

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nalisema hili jinsi mwingine anavyosema yeye ni rubani. Nikitoka kwetu Waithaka kwenda katikati ya jiji, nahesabu kwamba nimesafiri, na nikirudi mke wangu huniuliza kama huko nje bado kuna watu. Yeye anafanya kazi kwenye bustani ya miche kule Karen, anawauzia waridi watu wenye ua wa kupanda waridi. Hutoka mapema, hurudi jioni na udongo kwenye viatu na habari za dunia nzima. Mimi humpokea nikiwa na ndara zilezile alizoniacha nazo.

Kazi yangu ni kuchapa. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu aliyakunja mara mbili kabla ya kuyaweka kabatini, na tangu hapo nimeishi kwa vidole viwili. Si utani. Natumia vidole viwili, cha shahada cha kulia na cha shahada cha kushoto, na macho yangu huwa kwenye vidole hivyo, hayapandi kwenye kioo cha kompyuta. Vidole vingine vinane huwa vinatazama tu.

Anayenipa kazi ana duka la uchapishaji River Road, orofa ya kwanza, juu ya duka la mabomba na misumari. Ni mama wa Kihindi ambaye babake na babu yake walichapisha palepale, na wote tunamwita Madam. Yeye huniita kijana, ingawa utosi wangu umeanza kung'aa. Wateja humletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono, yeye huzipiga picha na kunitumia kwa simu, mimi huchapa na kumrudishia kwa barua pepe. Programu za mazishi, katiba za vyama vya akina mama, mikataba ya nyumba za kupanga, kadi za harusi. Menyu za hoteli hanitumii. Hizo huzichapa mwenyewe dukani, na ukuta wake umejaa sampuli za menyu za vibanda na mikahawa ya barabara nzima, kutoka dirishani hadi mlangoni.

Baada ya miaka michache ya kazi hii niligundua kwamba sisi watu hufa kwa namna nyingi lakini huandikwa kwa namna moja. Kila marehemu alikuwa mcheshi na mtu wa watu. Kila mpangaji anakatazwa kupiga misumari ukutani. Kila chama kina mwanachama anayechelewa, na kila katiba inamtisha yuleyule. Kumbe programu ya kuandikia ina mahali pa kuhifadhi maneno kama hayo. Unaichagua aya, unaipa jina fupi, na siku nyingine ukiandika lile jina na kubonyeza kitufe cha F3, aya nzima inajitokeza kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango akingoja kuitwa. Nikaanza kuhifadhi. Nilihifadhi mpaka nikawa sichapi tena, naita tu. Madam alisimulia River Road nzima kwamba ana kijana Waithaka mwenye mkono wa umeme.

Shida ilikuwa majina. Mtu mwenye akili angeziita aya zake mazishi moja, mazishi mbili. Lakini mimi huchapa kwenye meza ya kulia, hatua chache kutoka kwa jiko, na katika dunia hii nakumbuka vizuri kitu kimoja tu, nilichokula. Kwa hiyo kila aya ilipata jina la chakula kilichokuwa motoni siku nilipoihifadhi. "Chapati" ilikuwa Marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu. "Pilau" ilikuwa Mpangaji atahakikisha nyumba inabaki katika hali aliyoikuta. "Kachumbari" ilikuwa Mwanachama yeyote atakayechelewa mkutanoni bila sababu. "Maharagwe" ilikuwa Alilala kwa amani akiwa amezungukwa na jamaa zake wote. Na "chai", Mungu anisamehe, ilikuwa Mwili utaondoka mochari saa tatu asubuhi.

Mke wangu alipogundua hilo aliweka mwiko chini.

"Sasa mimi nikikupikia chapati," akasema, "wewe unafikiria mjane?"

"Nafikiria chapati. Mjane anakuja baada ya F3."

"Nimeolewa na mgonjwa."

Tukaishi hivyo kwa raha. Kisha kompyuta yangu ya zamani ikaanza kulia kama blenda yenye mfupa ndani, na wakati huohuo Madam akanunua mashine mpya za duka na programu mpya ya kuandikia. Mafaili yangu ya toleo la kale yakawa yakifika kwake yamevurugika, mistari imepanda juu ya mistari, picha ya marehemu imekaa juu ya ratiba ya chakula. Akaniita River Road. Nikavaa viatu.

"Kijana, kuja uone," akaniambia, akanipeleka pembeni, kando ya mashine ya laminesheni. Palikuwa na kiti. Kilikuwa kiti kizuri, chenye magurudumu, kimefutwa vumbi, na mto mdogo wa maua juu yake. Mto ndio ulionitia hofu. Mtu hakuwekei mto kama anatania.

"Hii kiti ni yako," akasema. "Unakuja asubuhi, unaenda jioni. Mashine ni mpya, kila kitu iko."

"Madam, mimi nyumbani niko sawa kabisa."

"Wewe uko sawa. Faili zako ziko hospitali."

Nikamwambia nitanunua laptopu, niweke toleo jipya kama lake, na hatajua tofauti. Alinitazama kwa huruma ya mtu ambaye ameshanunua mto.

"Sawa," akasema. "Kuna harusi ya watu wa Karen. Kitabu kizima, ibada, ratiba, shukrani, kila kitu. Ukiifanya huko kwako na ikuje safi, baki na nyumba yako. Ikikuja na makosa, Jumatatu nakuona hapa."

Nilitoka pale nikiitazama River Road kama mtu anayeoneshwa chumba chake cha bweni. Mikokoteni, spika za madukani, watu wanaotembea kama wamechelewa kuzaliwa. Kila siku? Na chakula cha mchana ningekula wapi, nimesimama?

Laptopu niliinunua, ya mitumba lakini yenye heshima. Fundi aliyeniuzia alinionesha faili moja dogo kwenye kompyuta kuukuu ambamo njia zangu zote za mkato zilikuwa zimelala pamoja. Kulinakili tu kwenye flashi, kuliweka mahali pake kwenye laptopu, basi. Nilibeba flashi ile mfuko wa shati, upande wa moyo, na nikafika nyumbani nikiwa nimeishika kama mtu mwenye kifua.

Jioni hiyo nilifungua ukurasa mweupe. Mke wangu alikuwa amekaa kando yangu akichambua mboga huku akisikiliza mahubiri kwenye laptopu hiyohiyo, maana alisema lazima nayo ibarikiwe kabla ya kazi. Nikaandika "chapati". Nikabonyeza F3.

Mhubiri akapaza sauti.

Nikabonyeza tena. Mhubiri akapaza zaidi. Nikabonyeza mara kadhaa kwa hasira, na yule baba akanguruma sebuleni kwetu kuhusu mwisho wa dunia hadi jirani akagonga ukuta. Kwenye ukurasa neno lilibaki vilevile. Chapati. Kavu, bila mjane.

"Umeongeza sauti," mke wangu akasema.

"Nimebonyeza F3."

"Na imeongeza sauti. Iko na picha ya spika hapo juu yake, angalia."

Ilikuwa na picha ya spika. Kwenye laptopu ile, F3 ilikuwa imeajiriwa kazi nyingine.

Nikampigia fundi. Alinielekeza nifungue menyu fulani, na hapo nikaziona zote, chapati, pilau, kachumbari, zimepangwa kama sufuria kwenye rafu. Zilikuwa zimehama salama! Nilifurahi hadi nikambusu mke wangu kwenye paji la uso, naye akaniuliza kama nimeanguka.

"Sasa hiyo F3 wachana nayo," fundi akasema kwenye simu. "Kuna ile orodha ya kurekebisha makosa yenyewe. Ile ukikosea herufi inakurekebishia bila kuuliza. Weka maneno zako huko. Utaandika jina, uache nafasi, inatoka yenyewe. Hakuna kitufe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, mkubwa. Kama mlango ya supamaketi."

Siku iliyofuata nilizihamisha moja moja kwenye orodha hiyo. Nikajaribu. Chapati, nafasi, mjane. Kachumbari, nafasi, mwanachama amechelewa. Sikuamini. Nilicheka peke yangu jikoni. Nilisimama nikazunguka meza nikiwa na ndara, nikarudi, nikaandika maharagwe ili nione tu mtu akilala kwa amani tena. Miaka yote hiyo nilikuwa nikibonyeza F3 kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe, kumbe mlango ungeweza kufunguka wenyewe.

Kwa furaha hiyohiyo nikaingia kwenye kitabu cha harusi. Ibada nikaimaliza, shukrani nikazimaliza. Ukurasa wa mwisho kamati ya harusi ilikuwa imeandika kwa mkono wa kupendeza orodha ya chakula cha mchana. Sikuwahi kuchapa orodha ya chakula maishani. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi na kwenye vidole viwili, vidole na karatasi, kioo sikukitazama hata kidogo. Nilihisi tu kwamba nachapa haraka kuliko kawaida, na nikajisifu. Kwa kawaida mke wangu husoma kazi zangu jioni kabla sijazituma. Siku hiyo nilituma mchana, kwa kiburi, nikalala kidogo.

Aliporudi nikamwonesha kitabu kwenye laptopu kama mtoto anayeonesha daftari. Alisoma ibada, akaitikia kwa kichwa. Alifika ukurasa wa mwisho. Akasimama.

"Hii ni menyu?"

"Ni menyu."

Akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya mshereheshaji.

"'Chakula cha mchana. Mpangaji atahakikisha nyumba inabaki katika hali aliyoikuta ya mbuzi.'"

"Soma vizuri."

"Nasoma vizuri. 'Kuku wa kuchoma na Mwanachama yeyote atakayechelewa mkutanoni bila sababu.' Huyo naye atachomwa pamoja na kuku?"

Nikamnyang'anya laptopu. Akaivuta tena.

"'Marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu laini.' Laini, baba. Wajukuu laini." Sauti ilikuwa imeanza kumkatika. "'Alilala kwa amani akiwa amezungukwa na jamaa zake wote ya nazi.' Na hapa chini, baada ya keki, 'Mwili utaondoka mochari saa tatu asubuhi ya tangawizi.'"

Akaanguka kwenye kochi. Mimi nilikuwa na haki ya kukasirika, lakini tangawizi ilinishinda. Nikakaa sakafuni. Tulicheka mpaka jirani akagonga tena, na safari hii hapakuwa na mhubiri wa kumsingizia. Kila mmoja akijaribu kunyamaza, mwingine ananong'ona "wajukuu laini" na tunaanza upya.

Kisha nikakikumbuka kiti.

"Nimeshatuma," nikasema.

Akajifuta machozi. "Umetuma wapi?"

"Kwa Madam."

Nikampigia Madam, simu ikalia hadi ikachoka. Mke wangu alinisogezea sahani, akanitazama jinsi nisivyokula.

"River Road si jela," akasema kwa upole. Akafikiri. "Lakini wewe utakufa. Nani atakaa na hii nyumba?"

"Ndiyo nasema."

"Nitakufungia chapati ya kubeba. Ile ya kweli."

Asubuhi nilikuwa kwenye ngazi za duka kabla hazijafagiliwa. Flashi nilikuwa nayo mfukoni, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kubali. Mtu wa nyumbani akishindwa hushindwa na vitu vyake vyote. Niliposukuma mlango nikakuta wafanyakazi wote wa duka wamesimama mbele ya ukuta wa menyu. Katikati ya samaki wa kukaanga na supu ya kongoro, Madam alikuwa amebandika ukurasa wangu. Alikuwa ameuchapisha nakala moja tu ya kusoma, kabla ya kuruhusu kitabu kizima, na alikuwa ameketi chini yake na leso machoni.

"Kijana," akasema, "hii mbuzi analipa kodi?"

Wakacheka tena. Niliona si mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Nikaeleza yote. F3, spika, mhubiri, ile orodha inayojirekebisha, majina ya chakula. Nilipofika kwenye chai na mochari Madam alinyoosha mkono kunisimamisha, apumue.

"Basi," akasema mwishowe. "Kaa. Rekebisha hapa hapa. Watu wa Karen wanakuja kuchukua."

Nikakaa kwenye kile kiti. Kilikuwa laini, na hilo liliniuma. Mashine ya Madam haikuwa na njia zangu za mkato, kwa hiyo menyu ingetoka kama menyu. Nikainua vidole vyangu viwili. Nikatafuta P. Nikaipata. Nikatafuta I. Nyuma yangu kicheko kilififia polepole, kikawa kimya cha watu wanaotazama kinyonga akivuka barabara.

"Hii ndiyo ile mkono ya umeme?" fundi wa laminesheni akauliza.

"Stima imepotea," mwingine akajibu.

"L iko hapo, kijana," Madam akasema. "Hapo. Chini ya kidole yako. Hapana, hiyo ni K."

Nilimaliza pilau. Nilikuwa kwenye kuku wakati yeye alipovuta kiti kingine akakaa kando yangu, sasa akiwa na uso wa biashara.

"Hii yote uliyokuwa unanifanyia haraka, ni hizo chakula zako ndizo zilikuwa zinafanya?"

"Ndizo, Madam."

"Ziko wapi?"

Nikatoa flashi mfukoni, nikampa. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Ni kweli angeweza kuzimwaga kwenye mashine yake, nami ningekaa pale kando ya laminesheni na umeme wangu, kila siku, hadi nistaafu. Akaishika flashi, akainama chini ya meza kutafuta tundu, akaigusisha. Hapo mlangoni akaingia mwenye kibanda wa barabara ya nyuma, mtu wa haraka, akasema kabla hajafunga mlango:

"Madam, niaje. Ile menyu yangu nataka ubadilishe. Toa ndizi, ongeza chapati, ongeza maharagwe, na chai ya rangi."

Madam hakuinuka. Alibaki ameinama, mkono chini ya meza. Kisha akageuza kichwa taratibu, akautazama ukuta. Nami nikautazama. Chapati kutoka dirishani hadi mlangoni. Pilau kila mahali, na kachumbari kando yake. Biashara yake nzima, ya babake na ya babu yake, ilikuwa imeandikwa kwa majina ya aya zangu.

Akarudi juu na flashi mkononi. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, mbali na nguo.

"Chukua," akasema. "Weka mfuko. Ndani kabisa."

"Naweza kuzibadilisha majina, Madam," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa na adabu tu.

"Ukikumbuka zote. Na ukisahau moja, na mtu hapa aguse hiyo F3 yako?" Akamwonesha mwenye kibanda kwa kidevu. "Huyu nimwambie nini? Mteja wake ameitisha chai?" Akausogeza mto wa maua kutoka nyuma ya mgongo wangu, akauweka kwenye kiti chake mwenyewe. "Wewe baki Waithaka na hao watu wako wote. Menyu usiguse tena maisha yako. Hii ya Karen namaliza mimi, watu wasingoje mpaka mtoto azaliwe."

Nilisimama haraka kuliko nilivyowahi kuchapa.

"Na F3 yako," akaongeza bila kunitazama, vidole vyake kumi vikiwa tayari vinamwagika juu ya vitufe, "shika na hiyo kitufe ndogo ya pembeni, chini kushoto. Zote pamoja. Itawacha mambo ya sauti."

Chapati ya mke wangu niliila kwenye ngazi za River Road, nimesimama, na nakiri ilikuwa tamu hata huko. Kisha nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikaziondoa njia zangu zote kutoka kwenye ile orodha ya mlango wa supamaketi. Nikashika kitufe kidogo cha pembeni pamoja na F3. Mjane akatoka, na watoto, na wajukuu, kimyakimya, bila mahubiri.

Jioni mke wangu aliingia na mche wa waridi uliovunjika tawi, ambao Karen hawakuutaka. Alinikuta na ndara.

"Kiti je?"

"Kimenikataa."

Aliweka mche dirishani, akaosha mikono, akaja akakaa mbele ya laptopu na kuisogeza kwake. Akaandika chapati, polepole, kwa vidole vyake vyote kumi, akanitaka nimwoneshe kitufe cha pembeni. Akabonyeza. Akaisoma ile sentensi hadi mwisho.

"Huyu mjane," akasema, "kwani ni mimi?"

"Ni wa watu."

"Mwambie aje apike basi," akasema, akanyoosha miguu. "Mimi leo nimechoka."